Aliyempachika Yamili Kiunoni

Elsy Mukul hana rafiki hapa Xukpil, na ukimwuliza sababu atakwambia marafiki wanakula sana. Nyumba yake ni ya mwisho, ukishapita makaburi, yenye mlango wa bluu na mbwa asiyefungwa. Wanawake wakienda kusagisha mahindi huvuka njia ili wasikutane naye. Naye akiwaona wamevuka, huwasalimia kwa sauti kubwa, mmoja mmoja kwa jina, mpaka waitikie.

Aliolewa mdogo na mwanamume wa pwani. Akakaa huko kwenye mahoteli akifua mashuka ya wageni, halafu siku moja akashuka kwenye basi na mfuko mmoja, bila mume. Mtoto hakurudi naye kwa kuwa hakujaliwa. Watu wakangoja alie. Hakulia. Alinunua rangi akapaka mlango.

Lugha ya wageni aliiokota kwenye mashuka hayohayo. Ndiyo maana kijiji kilipokubaliana kuwafungulia wageni magofu yetu na dzonoti yetu, wazee wa ardhi walimpa yeye kazi ya kuwatembeza. Walimpa wakinung'unika, kama mtu anayemwachia ufunguo jirani asiyempenda kwa sababu hakuna mwingine aliye karibu. Asubuhi anawapeleka magofuni, mchana anawateremsha majini. Dzonoti ni shimo tu kwenye mwamba, ardhi imekatika ghafla na maji yako chini kabisa, na mbayuwayu wanaingia na kutoka. Ngazi yake ni ya mbao, imesimama wima kama ya kupandia darini, ina kamba moja ya kushikilia. Elsy husimama pale juu na suruali yake na buti zake, akipiga kelele:

"Mafuta hayo ya kujikinga jua muyaache huku juu! Chini kule si kikaangio!"

Wageni hucheka wakidhani ni mzaha. Si mzaha. Ambaye hajaoga hateremki. Niliwahi kumwona akimrudisha baba mzima kwa kumvuta mkanda.

Mama mkwe wangu, Doña Prisca Tamay, ndiye anayewapikia wageni hao. Kuku anamzika shimoni, juu ya mawe ya moto, amemfunga kwenye majani ya mgomba, na kumfukua kunataka ustadi. Yeye na Elsy walikuwa wakifanya kazi pahali pamoja, na sijawahi kuwasikia wakisemezana neno lisilo na mwiba.

"Chakula tayari, Doña Prisca?"

"Kwa wenye nyumba zao kiko tayari. Wazururaji wangoje."

"Basi sisi wazururaji utupe mapaja. Tunatembea sana."

Mimi nilikaa kwenye kibanda cha makuti karibu na ngazi, nikiuza vitambaa ninavyotarizi, na Yamili wangu amelala kwenye machela yake ya nyuzi nyuma yangu. Nilisikia yote. Nilikuwa mke wa mwana, nimekuja juzijuzi katika nyumba ya watu.

Yamili alikuwa anakaribia miezi mitatu. Kwetu mtoto mchanga hubebwa amelala, kichwa kwenye kiwiko. Hapachikwi kiunoni, mguu huku na mguu huku, mpaka siku yake ifike: wa kike miezi mitatu, maana jiko lina mafiga matatu, na wa kiume minne, maana shamba lina pembe nne. Siku hiyo hutafutiwa mama wa kumpachika. Ndiyo hetzmek. Mama huyo anampachika, anamzungusha meza, anamwonjesha vyakula, na kuanzia hapo ni mama yake wa pili. Tena anayekupachika mara ya kwanza anakuachia tabia zake. Mwendo wake, mkono wake, ulimi wake. Kwa hiyo watu hawachagui ovyo. Yuko binti hapa kwetu alipachikwa na shangazi mwenye usingizi, na mpaka leo mwalimu anamwamsha kwa chaki.

Mama mkwe alikuwa amemchagua Doña Amparo, mwenye mashine ya kusaga. Doña Amparo ameolewa kanisani, ana nyumba ya matofali, na hakuna aliyewahi kumwona akicheka mdomo wazi.

"Nataka mjukuu wangu atulie kama yule," mama mkwe aliniambia. "Atulie, aolewe, abaki."

Doña Amparo alikuja kumtazama mtoto. Alishika gauni la Yamili, akageuza upindo akaangalia mshono wangu kwa nyuma, akasema si mbaya. Uso wa mtoto hakuutazama. Niliona. Mume wangu Armín yuko pwani anajenga hoteli, nilipomwambia kwenye simu alisema, "Mama anajua." Basi ikapangwa iwe Jumapili, na bata mzinga akaanza kulishwa.

Jumatano kabla ya Jumapili hiyo likaja gari la wageni kutoka mjini. Aliyewaleta ni Gaspar Rosado, mwongozaji wa kampuni, ambaye havui miwani ya jua hata akiingia ndani ya nyumba. Gaspar na Elsy hawakuivana tangu siku ya kwanza. Yeye alitaka wageni waone haraka waondoke haraka. Elsy hakuharakishwa na mtu. Siku hiyo kijana mmoja wa wageni alikuwa na kile kidege cha kupigia picha, kile kinachovuma. Akakiweka chini mbele ya gofu kubwa, akaanza kukichezea.

"Hicho hakirushwi hapa," Elsy alisema.

"Dada yangu, mgeni ametoka mbali. Mwache acheze," Gaspar akajibu.

"Gofuni juu, kwenye ule ufa, kuna nyuki. Si wale wetu wasio na mwiba. Hawa wamemwua ng'ombe wa watu."

"Nyuki? Mimi nilisikia nyuki ndio wanakuogopa wewe."

Akawatafsiria wageni wake, wakacheka. Elsy hakucheka.

"Sawa, Gaspar. Wakikuuma usinikimbilie mimi. Kimbilia miwani yako."

Gofu kubwa liko upande mmoja, dzonoti upande mwingine, na kibanda changu na shimo la kupikia viko katikati. Kwa hiyo niliyasikia maneno hayo vizuri. Kisha mama mkwe akaniita nikamsaidie kuondoa udongo juu ya kuku, maana saa ya chakula ilikuwa imefika. Yamili alikuwa amelala. Nilimfunika miguu nikaenda.

Tulikuwa tumeshafunua nusu, moshi umejaa, niliposikia mlio kama mafuta yanapoanza kuchemka. Mlio ukakua. Halafu kelele za watu.

Kile kidege kilikuwa kimeingia ufani.

Wageni waliteremka gofuni wakianguka. Wengine wakakimbilia msituni, wengine garini. Gaspar ndiye aliyefika garini wa kwanza, akaingia, akafunga milango, na wageni wake wakawa wanagonga vioo kwa nje. Nililiona hilo kwa macho yangu. Nikaruka nimfuate mwanangu. Mama mkwe akanidaka gauni kwa nyuma.

"Kaa kwenye moshi! Kaa, mjinga wewe, utakufa!"

"Mtoto!"

"Kaa!"

Ana nguvu mama mkwe, amebeba magunia maisha yake yote. Nilimng'ata mkono, hakuniachia. Machozi yakanijaa, na ndani ya moshi ule nikamwona Elsy akija mbio kutoka gofuni, nyuki wamemvaa mgongoni kama nguo. Ngazi ilikuwa mbele yake. Ingekuwa mwingine angeteremka akatumbukia majini. Yeye aligeuka akaingia kibandani kwangu. Alimchopoa Yamili kwenye machela, akamtupia kitambaa changu kikubwa kuanzia kichwani, akampachika kiunoni upande wa kushoto, akamkaza kwa mkono uleule. Mkono wa kulia ukashika kamba. Wakazama ngazini, sikuwaona tena.

Sijui muda gani ulipita. Nyuki hukasirika, kisha huchoka. Mama mkwe aliponiachia nilifika ukingoni nikaangalia chini. Elsy alikuwa amesimama majini mpaka kifuani, kitambaa kilicholowa kimewafunika wote wawili kama hema. Nikaita. Kitambaa kikafunuka.

Akaanza kupanda, polepole, akipumzika kila mahali pa kupumzikia. Alipotokeza juu sikumtambua. Jicho moja lilikuwa limefumba, mdomo umevimba kama wa mtu aliyepigwa ngumi. Na Yamili amekaa kiunoni pake, miguu huku na huku, yuko macho, ananyonya ukosi wa shati la Elsy. Nyuki mmoja tu alikuwa amempata, kwenye kidole cha mguu.

Nilifungua mikono. Lakini wa kwanza kusema alikuwa mama mkwe.

"Mtoe kiunoni!"

"Nini?" Elsy akauliza. Kusikia nako kulikuwa shida, masikio yalikuwa yamevimba.

"Mtoe kiunoni, mwanamke! Siku yake haijafika! Umempachika!"

Elsy akaangalia kiuno chake kama mtu aliyekuta kuku wa jirani jikoni mwake. Halafu akacheka, na mdomo ule.

"Ningembeba kwa meno, Doña Prisca? Ngazi ina kamba moja."

"Ulikusudia! Tumbo lako limekunyima, sasa unaiba vya wenzio!"

Elsy akaacha kucheka. Akanipa Yamili, akamlaza mikononi mwangu sawasawa, kichwa kwenye kiwiko, kama sheria inavyotaka.

"Mlaze, mke wa Armín," akasema. "Mlaze vizuri asije akanifanana."

Akaenda zake garini, akagonga kioo cha Gaspar kwa jiwe mpaka akafungua mlango, akaanza kuwang'oa wageni miiba.

Nilitaka kumshukuru. Lakini mama mkwe alikuwa tayari amenishika bega ananirudisha nyumbani.

Kesho yake mashineni hakukuwa na habari nyingine. Nilisimama kwenye foleni na ndoo yangu ya mahindi, Yamili amelala mkononi, na wanawake hawakushusha hata sauti.

"Maskini, atavaa suruali kabla ya kuota meno."

"Meno ataota mapema huyo. Yule mama yake wa pili anauma."

"Mume akimpata atamwachia pwani."

Nilimgeuza Yamili uso aelekee kifuani kwangu. Ana miezi miwili na siku zake, anajua nini. Lakini nilimgeuza.

Doña Amparo alizima mashine ili asikike. "Prisca, mimi chungu kilichokwisha kulambwa sipakui," alimwambia mama mkwe. "Kama mtoto ameshapachikwa, ana mwenyewe. Usinivunjie heshima."

Mama mkwe akamsogelea. "Nani ameona? Mimi, mkwe wangu, na wageni wasiojua hata walichoona."

Doña Amparo akafikiri. Nadhani na yeye alikuwa ameshashonesha gauni. "Basi yule mwanamke aje Jumapili aseme mbele za watu kwamba alimbeba amelala. Neno hilo tu. Akilisema, hakumpachika, nami nitampachika."

"Atalisema," mama mkwe akajibu. "Hilo ni neno dogo."

Ijumaa tukaenda mlango wa bluu. Mbwa akatubwekea mpaka mwenye nyumba akamtupia kiatu. Elsy alikuwa uani kwenye beseni lake la mawe, anafua, uso umepakwa tope la kijivu la kutuliza sumu. Hakutukaribisha kiti, na mama mkwe hakukitafuta.

"Jumapili utapita kwangu," mama mkwe akaanza. "Utasema mtoto ulimbeba amelala. Kisha utakwenda zako."

"Halafu?"

"Halafu nini? Amparo atampachika, mambo yaishe."

Elsy akakamua shuka, akalipiga kwenye jiwe. "Siwezi."

"Unamtaka mtoto wetu. Nilijua."

"Nani anamtaka?" Elsy aligeuka, na lile jicho lake moja likawa linatuangalia kwa mawili. "Unadhani mimi nilizaliwa na wageni, sheria siijui? Tangu Jumatano nina mtoto ambaye sikumwomba. Akiugua naitwa. Akibatizwa naitwa. Akiolewa nasimama pale na uso huu. Na nyanya yake ni nani? Wewe! Nyumba zote hizi za Xukpil, nyuki wamenipeleka kwako!"

"Basi sema alikuwa amelala, tuachane!"

"Hakuwa amelala."

"Neno moja, mwanamke!"

"Ndiyo, moja. Hakuwa amelala. Nilimsikia magoti yake yakinibana mbavu njia nzima, huku mimi naliwa mgongo. Niende mbele za watu niseme sikusikia?" Akaniangalia mimi. "Na wewe, mke wa Armín? Ulimi wako uko wapi, au nao umemwachia mama mkwe aufunike na kuku?"

Nilikuwa naangalia kamba yake ya nguo. Kitambaa changu kilikuwa kimeanikwa pale, kivulini ili nyuzi zisichuje, na kwenye ua moja jekundu lililokuwa limefumuka mtu alikuwa amejaribu kulishona. Alilishona vibaya. Mishono mikubwa kama ya gunia.

"Twende," mama mkwe akasema. "Kwenye nyumba hii hakuna mtu."

Tulitembea mpaka makaburini. Hapo akasimama.

"Asipokuja, nitasema mimi. Mimi nilikuwepo. Na wewe utaitikia."

"Mama, lakini tuliona wote—"

"Unajua kinachomngoja mtoto anayekwenda kama yule? Mimi ninajua. Nilimzaa dada yake Armín kabla wewe hujazaliwa. Alikwenda pwani na lori la matikiti, hakurudi. Nani alimpachika? Mama yangu mdogo, mzururaji mwingine. Nilikubali kwa kuona haya kukataa." Sauti yake ilikuwa na hasira tupu. "Sitakubali mara ya pili. Nichukie ukitaka."

Nilikuwa sijawahi kusikia kwamba Armín ana dada. Nikamfuata.

Jumapili ikafika. Tuliweka meza uani, tukaitandika. Kulikuwa na yai la kuchemsha, mbegu za maboga zilizokaangwa, unga wa mahindi ya kukaanga wenye asali, sindano, mwiko, daftari na penseli, na kisu kidogo cha shambani. Shemeji yangu mmoja akaweka na simu, watu wakacheka. Doña Amparo alikaa mbele kwenye gauni jeupe jipya lenye maua mpaka pindoni, na hereni za dhahabu za mtoto ziko kwenye kikopo mapajani pake. Wale wanawake wa mashineni walikuwepo wote. Hakuna aliyekuwa amekuja kwa ajili ya bata mzinga.

Tukangoja. Yamili alianza kulia, nikamnyonyesha.

"Haji," mmoja akasema.

"Atakujaje? Si anawaogesha wazungu wake."

Mama mkwe akainuka. Alikuwa amesuka nywele na kuvaa mkufu wake. "Ndugu zangu," akasema, "maneno yamekuwa mengi. Mimi nilikuwepo siku ile. Kwa macho yangu, mtoto alibebwa amelala. Hakupachikwa na mtu." Akanigeukia. "Si ndivyo, mkwe?"

Nilifungua mdomo, na kabla sijatoa kitu mbwa wote wa jirani wakabweka. Elsy alikuwa amesimama langoni. Suruali imelowa mpaka magotini, uso bado una manjano na zambarau. Nje, gari la wageni lilikuwa linanguruma, na Gaspar ndani yake anaangalia mbele tu.

"Kwa nini umesimama hapo?" mama mkwe akamwuliza. "Umekuja kula?"

"Nimekuja kusikia," Elsy akajibu. "Nimeona nijue kama nimepoteza mtoto au la, niache kufikiri usiku. Endelea. Aliyeulizwa ni mkwe wako."

Watu wote wakaniangalia. Sijawahi kuangaliwa na watu wengi hivyo, hata siku ya harusi, maana siku ile waliangalia gauni. Nilimwangalia Doña Amparo. Alikuwa ananiashiria kwa kidevu, sema, sema. Nilimwangalia mama mkwe. Mkono wake ulikuwa umeshika pembe ya meza, na alama ya meno yangu ilikuwa bado iko pale juu ya kifundo. Nikamwonea huruma, haki ya Mungu. Lakini huruma yangu kwake haikuweza kugeuza kiuno kikawa kiwiko.

"Alikuwa kiunoni," nikasema.

"Sauti!" mtu akapaza.

"Alikuwa kiunoni! Alimpachika. Na asingempachika ningekuwa nimemzika."

Nikainuka na Yamili. Mama mkwe akanizuia kwa neno, hakunigusa.

"Ukimpeleka pale, kuanzia leo unajitafutia jiko lako. Kwangu hupiki."

Anayesema jiko kwetu hasemi sufuria tu. Anasema ukuta, anasema nani atakuangalizia mtoto ukiwa na homa, na mume atakula wapi akirudi. Hata hivyo nikaenda mpaka langoni nikampa Elsy mtoto. Hakunyoosha mikono. Ikabidi nimpachike mimi mwenyewe kiunoni pake, upande wa kushoto, nikautafuta mkono wake nikamzungushia mgongoni.

"Mke wa Armín, una wazimu," akaniambia kwa sauti ya chini.

"Zunguka meza," nikasema. "Wageni wako wanangoja."

Doña Amparo alikuwa amesimama. Alifunga kikopo chake cha hereni, akapita katikati yetu gauni likipiga upepo. "Mtakuja kuniomba unga," akasema, wala hakusema anamwambia nani.

Elsy akazunguka. Hakuna aliyehesabu mizunguko yake kwa punje kama ilivyo desturi, kwa hiyo nilihesabu mimi moyoni. Buti zake ziliacha maji uani. Kila akifika mbele ya watu walikuwa wanarudisha viti nyuma kidogo, naye akawa anazungukia karibu zaidi, makusudi, mpaka magoti yao yakalowa. Akamwonjesha yai.

"Yai likufungue macho," akamwambia, maneno yale yale ya siku zote. Halafu akaongeza yake: "Uwaone vizuri hawa."

Mtu akaguna. Akamwonjesha mbegu, zimchanulie akili. Akamshikisha mwiko, akamshikisha sindano, akasema, "Hii jifunze kwa mama yako. Kwangu utashona magunia." Akamshikisha penseli. Yamili akaipeleka mdomoni. Kisha Elsy akazunguka kinyumenyume kuifungua njia, kama inavyotakiwa, hakukosea hata pahali pamoja. Mama mkwe alikuwa amempa mgongo muda wote, lakini nilimwona akisikiliza, maana kila Elsy alipokaribia neno gumu bega lake lilipanda kumngojea akosee.

Ilipokwisha mama mkwe akageuka.

"Haya. Umepata. Sasa atakuwa na ulimi kama wako."

"Atauhitaji," Elsy akajibu. "Nyanya yake ni wewe."

Nilidhani watapigana. Kijana wa jirani hata alisogeza bakuli la pilipili. Lakini mama mkwe alichukua kisu cha nyama, akaanza kumkata bata mzinga vipande vipande, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akawapakulia watu bila kumwangalia mtu. Sahani yangu aliiacha tupu. Sahani ya Elsy aliijaza. Chakula cha aliyempachika mtoto hakinyimwi, hata kama unamchukia. Aliijaza, akaisukuma mezani kwa kidole kimoja kama mtu anayesogeza kitu kichafu, akaingia ndani akafunga mlango.

Wakala wameinamisha vichwa. Bata alikuwa mtamu, na hakuna aliyesema.

Gari likapiga honi. Elsy akaangalia nje, akaangalia sahani. Akavuta kiti, akakaa, na mtoto bado yuko kiunoni.

"Komadre," akaniita, neno wanaloitana mama na mama wa pili wa mtoto mmoja. Niligeuka nyuma kuona anamwita nani. "Wewe, njoo. Leta chapati za mahindi tule sahani moja, na yule Gaspar apige honi yake mpaka betri ife."

Nikaenda nikakaa. Wanawake wawili wakainuka wakaondoka na viti vyao.